Sema Ulikosea

“Ulimi wako huo ukikatwa ukachemshwa, hata paka ataunusa tu na kuondoka zake,” alisema mke wa Winchi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha watu, viatu mguuni, juu ya mkeka uliofutwa asubuhi ile ile.

“Vua viatu kwanza, ndipo unitukane,” alisema mwenye chumba.

“Sivui.”

“Basi tukana ukiwa hapo hapo. Usinitembezee matope mpaka kitandani.”

Mwenye chumba ndiye Kasuku. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, shingo ndefu, macho yasiyopepesa, na kazi yake ilikuwa ukalimani katika hospitali kubwa ya mji. Daktari akisema kwa lugha ya hospitali, yeye anamwambia mgonjwa kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa akijibu kwa lugha ya nyumbani, yeye anamrudishia daktari kwa lugha ya hospitali. Jina la Kasuku walimpa majirani kwa kumsimanga. Yeye akalipokea, akalivaa kama gauni jipya na kutembea nalo barabarani, mpaka waliompa wakajuta kwa nini hawakumpa baya zaidi.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, na wapangaji wote walikuwa watu wa lugha moja waliofuata kazi mjini. Bomba la maji lilikuwa moja, choo kimoja, na masikio, ukiyahesabu, yalizidi mawili kwa kila kichwa.

Mchana ule chumbani walikuwamo watu wanne. Kasuku mwenyewe, aliyekuwa akikunja nguo na ambaye hakuacha kukunja. Mumewe, fundi viatu, kwenye kigoda karibu na mlango, kiatu cha mteja kimebanwa magotini na uzi wenye nta mdomoni. Mke wa Winchi, aliyekuja kugomba. Na shangazi yake Winchi, mama mnene mwenye sauti ya kukausha nguo kambani, ambaye yeye, kwa maneno yake, alikuja kusuluhisha; ndiyo maana alikikalia kiti pekee kilichokuwamo kabla hajakaribishwa.

Winchi hakuwapo. Alikuwa kazini, yaani alikuwa angani. Ng’ambo ya barabara kuu kulikuwa kukijengwa majengo ya ghorofa, naye ndiye aliyeendesha ile winchi ndefu ya kunyanyulia mizigo. Jina la mashine likamshika yeye, likamshika mkewe, likamshika na mama yake mzazi. Ukisimama uani ukainua shingo ungekiona kibanda chake cha kioo huko juu, kidogo kama kiberiti. Mama yake alikuwa akiwaambia watu kwamba kunguru wakitaka kuvuka mji huanza kwa kumwamkia mwanawe.

“Unamshusha mume wangu,” alisema mke wa Winchi.

“Sijui hata aliko.”

“Unajua nasema nini.”

“Sijui.”

“Chumba cha daktari wa presha. Mimi, wewe na mama mkwe wangu. Hukuwamo?”

“Sijui.”

Alijua, tena vizuri. Lakini alipoingia kazi ile alikula kiapo: yanayosemwa mle ndani atayavusha yote, yakishatoka nje hayamo kinywani mwake. Na alikishika kiapo kile kwa ukaidi mpaka kikawa ugonjwa. Ungemuuliza kama mgonjwa aliingia na kichwa chake mabegani, angekuambia hajui. Ndiyo maana pale bombani akifika na ndoo yake, mazungumzo yalikatika. Majirani walimchukia kwa makosa mawili. La kwanza, anajua nani ana nini. La pili, baya kuliko la kwanza, hataki kuwagawia wenzake.

Fundi viatu akatoa uzi mdomoni. “Kwani kuna nini?”

“Shemeji, hajakwambia?”

“Huyu? Mapacha walizaliwa hapo chumba cha pili, yeye ndiye alikuwa nao hospitali mpaka wakalia, mimi nikaja kusikia kwa muuza mkaa.”

“Basi leo utasikia kwangu.”

“Kama una siri ya mtu,” alisema Kasuku, “nenda nayo kwenu.”

“Leo siri? Mbele ya daktari haikuwa siri, mbele ya mumeo iwe siri?”

Akaeleza. Alieleza kwa mikono, kwa macho na kwa mguu mmoja, na majirani walioegemea ukuta kwa nje walisikia vizuri hata bila kujisumbua kukaribia. Ila alieleza ya upande wake tu, kwa hiyo ni bora yaelezwe yote.

Mama Winchi alikuwa na presha isiyoshuka. Kila siku ya kliniki daktari, mwanamume mfupi mwenye haraka na kalamu nyuma ya sikio, alimfunga yule bibi mkono, akapuliza mpira, akatazama kipimo kama mtu aliyetukanwa na kipimo. Aliongeza dozi, haikushuka. Akabadilisha kidonge, haikushuka. Akaweka kidonge cha pili, nacho kikashindwa. Siku hiyo alisema sasa ataongeza cha tatu, chenye nguvu, na hicho kikishindwa bibi atalazwa wamchunguze figo.

Kasuku alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, kando ya mgonjwa na nyuma kidogo, ili daktari na mgonjwa watazamane wao kwa wao na yeye awe kama ukuta unaosema. Alikuwa ameanza kwa maneno yake ya siku zote: “Kila kitakachosemwa humu ndani nitakivusha, chote, hata mkinong’ona. Msichotaka kivuke, msikiseme.” Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi mno, yakawa yanamtoka kama mchuuzi anayetaja bidhaa, na mke wa Winchi aliyasikia kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati la jirani.

“Vidonge unakunywa vyote?” aliuliza daktari.

“Vidonge unakunywa vyote?” alivusha Kasuku.

“Nakunywa,” alisema bibi.

“Nakunywa,” alisema Kasuku.

Hivyo ndivyo kazi ile inavyofanywa. Mgonjwa akisema “mimi”, mkalimani anasema “mimi”. Hasemi “huyu anasema yeye”. Siku za mwanzo jambo hilo lilimletea Kasuku vituko. Asubuhi moja alianza kwa kumweleza daktari kwamba ana mimba changa, kwa mgonjwa wa pili akaeleza kwamba amekwisha kukoma hedhi, kwa wa tatu akasema busha lake limekuwa zito hata kutembea hawezi, na nesi mgeni aliyekuwa akipita akakimbia kumletea kiti.

Basi daktari akatoa kalamu sikioni, akaanza kuandika kile kidonge cha tatu. Hapo ndipo mke wa Winchi alipoinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mama mkwe wake, na kusema kwa lugha ya nyumbani: “Mama, usije ukamwambia kama unagawana vidonge na mwanao.”

Na Kasuku, kwa sauti ile ile ya ukuta, kwa lugha ya hospitali: “Mama, usije ukamwambia kama unagawana vidonge na mwanao.”

Kalamu ikasimama.

Kosa la mke wa Winchi lilikuwa moja, na ni kosa ambalo watu wake wote wangelifanya. Alidhani lugha ya nyumbani ni chumba chenye mlango. Miaka yote ilikuwa hivyo. Ulikuwa unaweza kusimama mbele ya nesi, ukamtukana mguu wake, ukapanga uongo wako neno kwa neno, naye akakutabasamia. Ghafla mlango haupo.

Kilichofuata kilisemwa na bibi mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka kudanganya. Mwanawe alianza kusikia kichwa kinagonga na kuona vitu vimefunikwa ukungu. Akapimwa kichochoroni kwa muuza dawa, akaambiwa ana presha kama ya mama yake. Na pale kazini kwao aliye na presha hapandi juu; daktari wa kampuni huja kupima, na ukikutwa nayo unateremshwa, unapewa koleo. Hospitali hakutaka kwenda asije akajulikana. Basi mama akagawa: kidonge cha asubuhi chake, cha jioni cha mwanawe. Siku za kupimwa kazini zikikaribia, alimpa vyote. Yeye presha yake ikabaki juu, ya mwanawe ikawa inashuka kiasi cha kumdanganya mpimaji, na daktari wa hospitali akawa anapambana na kivuli.

Daktari alirudisha kalamu sikioni. Alisema kidonge cha tatu haandiki mpaka amwone huyo mwana kwa macho yake, kliniki ijayo, na kwamba mambo hayo hamwambii mtu. Hakumwambia mtu kweli. Aliyewaambia watu ni mke wa Winchi mwenyewe, aliyetoka mle akaangua kilio kwenye korido, akamtaja mume, akaitaja winchi, akavitaja vidonge. Na aliyekuwa akisukuma kitanda cha mgonjwa pale alikuwa shemeji wa yule msimamizi wa ujenzi kazini kwa Winchi. Tangu siku hiyo msimamizi alikuwa akimtazama Winchi huku ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayekagua ukuta wenye ufa.

Kliniki ijayo ilikuwa kesho.

“Na ulifanya makusudi,” mke wa Winchi alimalizia. “Ulifanya kwa ajili ya mdogo wako. Mume wangu alimkataa akanioa mimi, wewe ukakaa na donge lako mpaka lilipopata siku.”

“Mdogo wangu ameolewa na mtu mwenye miguu chini,” alisema Kasuku. “Hatuna haja na wenu wa angani.”

Alijibu haraka, kwa sababu mkuki ule ulikuwa umempata. Mnong’ono ulipotua sikioni mwake siku ile, kulikuwa na nafasi ndogo, ya kupepesa jicho kwa mtu anayepepesa. Katika nafasi ile alijua ni mwana wa nani anayesemwa, na akamwona mdogo wake akilia juu ya gauni lililokwisha kushonwa. Angelivusha lile neno hata kama lingemhusu baba yake. Kazi ndiyo ilikuwa hiyo. Lakini lilipokuwa likipita ulimini alilisikia utamu kidogo, kama mtu aliyelamba kijiko cha sukari cha wageni. Utamu ule haukuwamo katika kiapo chochote, nao ndio uliomfanya tangu siku ile akunje nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Shangazi akainua mkono. “Yaliyopita tuyaache. Mimi sikuja kwa matusi. Mwanangu Kasuku, kesho mkifika kwa daktari, wewe utasema ulikosea.”

“Nilikosea nini?”

“Ulisikia vibaya. Wewe si mtoto, masikio yamechoka. Sema bibi alikuwa anaambiwa habari ya mboga, wewe ukasikia vidonge. Daktari atacheka, mambo yataisha. Na huyo msimamizi akiuliza, tunamwambia mkalimani alikosea, hata daktari anajua. Kijana anabaki juu kwenye riziki yake.”

“Mimi sina habari ya daktari yeyote wala bibi yeyote,” alisema Kasuku. “Ila nikuulize jambo la hewani tu, Shangazi. Mtu wa kuvusha maneno akisema leo alikosea, na hakukosea, kesho akivusha la mwingine, nani atamwamini?”

“Hilo la mwingine, mwingine atajua nalo.”

“Mwingine yupi? Si ndio nyinyi wote mliojaa humu uani?”

“Mwanangu, unaombwa neno moja. Kazi yako si maneno? Unayo mengi, toa moja.”

“Shangazi, kichwa chako kinaendeleaje?”

Kwa mtu asiyejua, hilo lilikuwa swali la adabu. Shangazi alilijua, na uso wake ukavimba.

Kabla ya Kasuku, hospitali ile haikuwa na mkalimani. Ilikuwa na mlinzi. Alikuwa mzee wa watu wale wale, wa getini, mwenye rungu na sauti. Akifika mwanamke asiyejua lugha ya hospitali, nesi alichungulia dirishani akamwita, mzee akaacha geti wazi, akaja kusimama nyuma ya pazia, na kuuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akifukuzia mbuzi: “Daktari anauliza, uchafu unaotoka una rangi gani?” Foleni nzima ikanyamaza kusubiri rangi. Mzee yule alikuwa rika la baba wakwe zao. Kwa wengine ndiye alikuwa baba mkwe hasa. Nani angejibu? Wanawake wakawa wanajibu neno moja, wote: kichwa. Mwenye mimba iliyolala upande, kichwa. Mwenye kuwashwa kusikosemeka, kichwa. Mmoja alifikishwa pale wakati mtoto amekwisha kuchungulia, akaulizwa kinachomsumbua, akasema kichwa, na ndiye peke yake aliyewahi kusema kweli. Madaktari wakaamini kwamba watu wale hawakuumbwa viungo vingine. Vidonge vya kichwa viliisha mji mzima, na wako waliozikwa navyo mkononi.

Shangazi naye aliumwa kichwa miaka mingi. Ua mzima ulikijua kichwa chake, na tumbo lake lilikuwa likikua kama tikiti. Siku alipoingia chumbani akamkuta mwanamke mwenzake kando yake badala ya mzee wa rungu, akasema yote kwa pumzi moja, na baada ya muda akatoka hospitali bila tikiti. Hayo Kasuku hakuwahi kuyatamka popote. Alichotaja ni kichwa tu, ambacho kila mtu alikuwa akikijua.

“Unanisimanga,” alisema Shangazi.

“Nimekujulia hali.”

“Unanisimanga mbele ya mke wa mwanangu. Una ulimi wa nyoka wewe, tena nyoka wa maji taka.”

“Mlinzi bado yuko hai,” alisema Kasuku. “Kesho mwende naye. Ana sauti nzuri, hata yule aliye juu ya winchi atasikia mama yake anavyojibu.”

Mke wa Winchi akapiga hatua mbele na viatu vyake. Fundi viatu akanyoosha mguu katikati yao, si kwa upole, kwa kuzuia tu. Alikuwa ameacha kushona muda mrefu. Alikuwa akifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, uso wake wote ulishiriki.

“Shemeji,” alimwambia mke wa Winchi, “hebu nieleweshe. Hivi sasa vidonge anameza nani?”

“Mama amegoma. Tangu siku ile hataki hata kuviona. Vyote anampa mwanawe.”

“Na Winchi anaendeleaje?”

Mke wa Winchi akafunga kanga yake upya.

“Namuulizia mtu anayeendesha mashine. Kizunguzungu kimekwisha?”

“Kinakuja kinaondoka. Kila mtu ana kizunguzungu. Wewe huna?”

“Mimi nikiwa nacho, naangukia kiatu,” alisema fundi viatu. “Na ule mkono wa winchi, ukigeuka na tofali zake, si unapita juu ya barabara?”

“Unapita.”

“Juu ya vibanda?”

“Unapita tu, shemeji, umekuwa ukipita siku zote.”

Fundi viatu akamgeukia mkewe. Kibanda chake cha kazi kilikuwa pale pale kando ya barabara kuu, chini ya ule mkono, na kivuli cha tofali kilikuwa kikimpita kichwani kutwa nzima kama wingu la mtu binafsi. Lakini tangu ile siku ya kliniki mkewe alikuwa amemng’ang’ania ashonee nyumbani. Mara jua kali, mara vumbi, mara mgongo wake unahitaji kigoda. Fundi alikuwa amemwona amegeuka mke mwenye huruma, akashangaa, akafurahi kimya kimya.

“Ndiyo maana uliniambia nisiende kibandani?”

“Sijui,” alisema Kasuku.

“Ulijua kuna mtu anaona ukungu kule juu, na mimi nakaa chini yake.”

“Sijui.”

“Muuza magazeti tunapakana naye. Yule dada wa chai yuko pale na mtoto mgongoni. Hao uliwaambia jua kali?”

Kasuku alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kiapo kile kilikuwa na pande mbili. Ndani kilimfanya aseme walichotamani watu kukificha. Nje kilimfanya afiche ambacho mwenye akili yoyote angekipigia kelele. Alikuwa ametafuta tundu dogo katika ukuta ule, akampitishia mume wake peke yake, na sasa mume wake ndiye aliyekuwa akimtazama kama kitu alichokiokota kwenye soli ya kiatu.

“Miaka yote hii nalala na kabati lililofungwa,” alisema fundi viatu. Akainuka. “Mimi naenda kumwambia msimamizi.”

“Hutoki,” alisema mke wa Winchi, akaruka mlangoni.

“Shemeji, nipishe.”

“Ukimwambia, umeniua. Yule mtu hajui kukaa chini. Mkimpa koleo atakufa kwa aibu kabla presha haijamfikia.”

“Na tofali likimwangukia dada wa chai?”

“Halijaanguka.”

“Kwa hiyo tusubiri?”

Mke wa Winchi akamtazama Kasuku, na kilikuwa kioja, maana aliyemwendea kwa matusi sasa alikuwa akimwomba. “Mzuie. Si mumeo? Si wewe uliyeapa kwamba maneno hayatoki?”

“Aende,” alisema Kasuku. “Hakusikia kwangu. Amesikia kwako.”

Hilo lilikuwa kweli, tena lilikuwa katili, na alilisema kwa sauti ya ukuta. Mke wa Winchi alilia kilio kifupi, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Shangazi akaona usuluhishi wake unamponyoka, akasimama, kiti kikabaki kimemganda nyuma kwa kitambo kabla hakijaanguka.

“Hakuna anayekwenda popote,” alisema. “Wewe fundi, keti. Wewe mke wa Winchi, futa pua. Na wewe Kasuku, sikiliza vizuri kwa sababu sitarudia. Sisi ndio watu wako. Daktari hatakuja kukuzika. Nesi hatakuja kukuletea maji ukiugua. Kesho ukitoka humu ndani bila kukubali, usichote maji bomba letu, usianike nguo kamba yetu, na ukifa tutamwita huyo daktari aje akubebe yeye na kalamu yake.”

“Nitachota bomba la hospitali.”

“Usinijibu. Nasema hivi, daktari akisema aongeze hicho cha tatu, aongeze, tutajua wenyewe cha kukifanyia. Wewe kazi yako ni neno moja.”

“Nani atakimeza?” aliuliza fundi viatu kutoka mlangoni. “Bibi, aliyegoma? Au yule aliye juu?”

“Nimesema keti.”

“Nimeuliza nani atakimeza.”

“Kesho,” alisema Shangazi akimwelekezea Kasuku kidole, “utakapoulizwa na daktari, mbele ya huyu mkwe wetu na mbele ya wifi yangu, utasema uli—”

Mwanga wa mlangoni ukazimika. Mke wa Winchi, aliyekuwa ameuegemea mlango kwa mgongo, alisogezwa pembeni taratibu kama pazia.

Alikuwa Winchi. Ulikuwa mchana kweupe, saa za kazi, na yeye alikuwa chini, kofia ngumu mkononi, mkanda wa usalama bado kiunoni na ndoano yake inaburuta sakafuni. Shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akausubiri utulie.

“Shikamoo, Shangazi,” alisema.

Shangazi alisahau kuitikia.

“Nimenyanyua ndoo ya zege, nikaona ndoo mbili. Nikaitua iliyokuwa ya kweli, nikafunga kibanda, nikamwambia msimamizi nimeshuka na sipandi.” Hakumtazama mke wake. “Kesho naenda kliniki na mama. Tayari nimetoka chumbani kwake, amekubali.”

Kisha akamgeukia Kasuku, na machoni mwake hamkuwa na shukrani hata chembe.

“Mle ndani utasema nitakachosema, chote. Nje ya pale, ukiniona njiani, usinisalimie.”

“Sitakusalimia,” alisema Kasuku.

Kidole cha Shangazi kilikuwa bado kimenyooka hewani. Fundi viatu alikuwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hakuna aliyemkaribisha Winchi kukaa.